Macho Aliyomwachia Mama

Habari ilinikuta kazini, katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni la mashuka. Msimamizi wetu ni mwanamke wa kufoka. Hajui kumwita mtu bila kugonga mlango kwa bunda la funguo. Asubuhi hiyo alikuja bila kugonga, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, jifute mikono. Simu yako inalia sana kule kabatini." Ule upole ulinishtua kabla ya simu yenyewe.

Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka.

"Wifi, njoo hospitali. Kaka yako ameanguka."

"Ameanguka kutoka juu?"

"Hapana. Alikuwa chini. Alikaa kwenye ndoo, anapumzika."

Kaka yangu alikuwa mwashi. Miaka yote tuliogopa jukwaa, tukaliombea jukwaa, kila Jumapili Mama alimkabidhi Mungu miguu ya mwanawe iliyosimama juu ya mbao. Mwashi akianguka kutoka jukwaani, unauliza amevunjika wapi. Akianguka amekaa, huna la kuuliza.

"Yuko hai?"

"Njoo tu, wifi. Na Mama usimwambie kwa simu."

Nilirudi kwenye beseni, nikasuuza shuka nililokuwa nimelianza, nikalikamua, nikalitundika. Mpaka ninalibana kambani kwa vibanio, bado nilikuwa na kaka.

Kila mtu alimwita Pima. Jina hilo alipewa tangu anajifunza kazi, kwa sababu ya mazoea yake ya kufumba jicho moja na kupima kila kilicho mbele yake: ukuta, meza, mlango, hata mstari wa wanakwaya wakisimama kanisani. Vyombo alikuwa navyo. Alikuwa na pima maji, alikuwa na timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Lakini kwanza alipima kwa jicho, kisha akatumia vyombo kumridhisha mwenye nyumba. Siku ya harusi yake, mpiga picha ameshawapanga, yeye akasema, "Bwana, hilo pazia nyuma yetu limelala upande." Picha ipo mpaka leo. Bibi harusi anacheka, pazia limelala, na bwana harusi amefumba jicho moja.

Alikuwa mkubwa wangu, na tulikuwa wawili tu. Baba yetu alifia machimboni tukiwa wadogo. Kifusi kilimfunika. Jeneza lililetwa nyumbani likiwa limeshapigwa misumari, na Mama akaambiwa ni heri asimtazame. Akazika sanduku. Tangu hapo, penye msiba wowote, awe jirani au mtu wa mbali, Mama ndiye wa kwanza kuomba uso ufunuliwe. Husema mtu asiyetazamwa hajaagwa. Wengine humwona mkorofi. Sisi wanawe tulijua anamtafuta nani katika nyuso zile.

Pima aliacha shule ili mimi nimalize yangu. Alianza kwa kubeba tofali, akaja kujenga, mwishowe akawa bingwa wa lipu. Alipaka kuta laini kiasi cha mtu kutaka kuzigusa. Ujana wake aliunywa. Alikunywa mpaka Mama akachoka kumfungulia mlango. Kisha akamwoa wifi, akaokoka, akaacha. Hakuwa mtakatifu baada ya hapo. Alikuwa mbishi, alikuwa na kelele, na alipenda kurekebisha nyumba za watu bila kuombwa. Ukimkaribisha, kabla hajakaa ameshaona pembe iliyopinda.

Kazini alikuwa na rafiki, kibarua wa kukoroga chokaa. Siku moja chokaa ilichemka kwenye pipa ikaruka, ikamwingia yule kibarua jichoni. Tone dogo lilimpata Pima pia. Pima hakujali la kwake. Alimlaza mwenzake chini, akammwagia maji usoni ndoo baada ya ndoo huku akimtukana asifumbe. Wakakimbizwa hospitali. Jicho la kibarua likafa. Waashi hawana huruma ya maneno; aliporudi kazini wakamwita Taa Moja, kama gari bovu barabarani, naye akakubali jina. Pima alibaki na doa dogo jeupe kwenye jicho lake la kushoto, pembeni, halikumzuia kuona.

Ni katika kumpeleka Taa Moja kliniki ya macho ndipo kaka alipojifunza habari ya kutoa viungo. Alikaa kwenye benchi na watu walioungua macho, waliougua macho, mwanamke kijana ambaye mboni zake zilikuwa kama kioo kilichopigwa mvuke. Akamuuliza muuguzi wanangoja nini. Muuguzi akamwambia wengi wao wanangoja mtu afe. Si jicho zima wanalohitaji, alisema, ni ile ngozi nyembamba ya mbele, inayong'aa. Pima akauliza kama Taa Moja naye yumo kwenye foleni. Akaambiwa hapana, jicho lake limeungua mpaka ndani, hakuna cha kupandikizwa. Alirudi nyumbani akiwa kimya, na Pima kuwa kimya kulikuwa jambo la kumwita daktari.

Alitutangazia Jumapili, baada ya ibada, mezani kwa Mama. Tulikuwa Mama, wifi, mimi, na Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yetu, fundi wa magari.

"Nimejiandikisha hospitali," akasema. "Nikifa, watoe watakachoweza. Figo, ini, moyo, macho. Wapewe wenye shida."

Kijiko cha Mama kikasimama njiani. "Unaumwa nini?"

"Siumwi, Mama."

"Mtu mzima haendi hospitali kujiandikishia kifo. Unaumwa nini, na tangu lini?"

"Kwani wewe ni gari?" Baba mdogo akadakia. "Ukifa tukuegeshe gereji, kila mwenye shida aje na spana yake?"

"Ndiyo hivyo, Baba mdogo."

"Na hilo ini lako nani alitake? Ini limekunywa ujana wote! Watakurudishia kaburini, waseme spea mbovu."

"Basi nitaacha maagizo upewe wewe. Halitashangaa, litaona limerudi kwenye kazi yake."

Tulicheka, na Baba mdogo akacheka kuliko wote, maana chupa bado ilikuwa kwake. Mama hakucheka. Mimi nilimuuliza la imani, kwa sababu lilinisumbua kweli. Nikamwambia, "Kaka, siku ya ufufuo utainuka na nini?"

Akanifumbia jicho moja. "Mdogo wangu, Mungu alimfinyanga mtu kwa udongo. Udongo naujua. Ukipungua unakoroga mwingine. Fundi gani huyo atashindwa kwa sababu tofali mbili hazipo?"

Sikuridhika sana.

Wiki nyingi baada ya hapo Mama alimchunguza. Alimpikia supu akamtazama mpaka amalize. Alimvuta wifi pembeni akamuuliza kama mumewe anakohoa usiku. Alimwambia apande ngazi ya kwetu huku yeye anasikiliza pumzi. Alipokubali kwamba mwanawe hana ugonjwa, alimwita mbele yetu, akamkalisha.

"Vya ndani chukua," akasema. "Vya ndani sikuviona mimi, sivijui. Macho usiguse. Macho yako ndiyo yaliyonitazama kwanza ulipozaliwa, kabla hujalia. Na kama Mungu ataniandikia nikuzike mimi, nitayatazama mwisho. Baba yako sikumtazama. Umenisikia?"

Pima alisugua saruji kwenye kucha zake.

"Sawa, Mama. Macho nakuachia wewe."

Wifi aliniambia baadaye kwamba njiani kurudi kwao kaka alisema neno moja tu: "Nilikwenda kwa ajili ya macho, nimerudi na kila kitu isipokuwa macho." Hakulirudia tena. Alikuwa amemwahidi mama yake, basi.

Hospitali nilimkuta wifi kwenye korido, amesimama wima kama mtu anayengoja kuitwa jina. Aliponiona alitikisa kichwa, nasi tukashikana. Kaka alikuwa anapiga lipu chumba cha mwisho cha nyumba. Alisema kifua kinambana, akageuza ndoo, akakaa. Waashi wenzake walidhani anatania. Pima akikaa kazini, lazima kuna mzaha unakuja. Walipomgusa hakuwepo. Alifika hospitali maiti.

Muuguzi mmoja wa kitengo cha macho alikuja kwetu, mwanamke mwenye sauti ya chini. Alitupa pole, kisha akatuambia kilichopo. Figo na moyo na ini havifai tena. Hivyo hutolewa kwa mtu ambaye moyo wake bado unasukuma damu kwa msaada wa mashine, na wa kaka ulisimama kule kazini, juu ya ndoo. Kilichobaki cha kumfaa mtu ni macho. Nayo hayangoji. Jua likizama yatakuwa yamechelewa.

"Saini," Baba mdogo akasema. Alikuwa amefika na mafuta ya gari mikononi. "Wewe ndiye mkewe. Saini, mambo yaishe."

"Alimwahidi Mama."

"Mama atajuaje? Watafumba kope. Dada muuguzi, si mnafumba kope?"

"Tunaweka kitu chini ya kope," muuguzi akasema. "Uso haubadiliki."

"Umesikia? Haubadiliki!"

Wifi alimtazama Baba mdogo, na sijawahi kumwona akimtazama mkubwa hivyo. "Mume wangu hakumdanganya mama yake akiwa hai. Unataka nimfanye mwongo akiwa maiti? Mama hufunua uso. Unamjua. Atainua kope, na atakachokiona pale ndicho atakachokufa nacho."

Baba mdogo akageukia ukuta, akalia kwa sauti, paji la uso kwenye rangi.

Mimi ndiye niliyetumwa kumchukua Mama. Nilimkuta amekaa mlangoni pake na ungo mapajani, anachambua mchele. Nilikuwa bado na aproni ya kazini, imelowa. Alinitazama mimi, akatazama aproni, akaweka ungo chini.

"Ninao wawili," akasema. "Mmoja amesimama hapa. Basi ni yule."

Nikapiga magoti. Hakupiga kelele. Aliuliza kama ni jukwaa. Nilipomwambia hapana, alisema, "Nimelisingizia bure," akaomba viatu vyake.

Garini niliomba. Niliomba Mungu afungue mdomo wangu nimwambie Mama habari ya macho kabla hatujafika, lakini mdomo haukufunguka. Kazi hiyo ikamwangukia wifi. Alimkalisha Mama kwenye benchi, akapiga magoti, akamweleza yote, polepole, bila kuficha kwamba Baba mdogo alitaka isainiwe kwa siri.

"Aliniahidi," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nimekungoja."

"Na vile vingine? Figo, na nini?"

"Havifai tena. Moyo ulisimama mapema."

"Kwa hiyo kati ya vyote, mmebakiwa na changu."

"Ndiyo, Mama."

Feni ilikuwa inazunguka darini na kugonga kitu kila mzunguko.

Taa Moja alikuwepo, ameketi sakafuni mwishoni mwa korido na ndoo ya kaka. Alikuwa ameosha vyombo vyote: mwiko, timazi, pima maji, brashi. Waashi hawaachi saruji ikauke kwenye chombo cha mwenzao. Mama alimwona, akamwita.

"Wewe ndiye atakayepewa?"

"Hapana, Mama. Langu limeungua mpaka ndani. Halipandiki."

"Basi nani?"

"Sijui. Wale wa kwenye benchi. Yeyote aliye mbele kwenye foleni."

"Hata mwizi?"

Taa Moja akafikiri. "Hata mwizi, Mama."

"Ungenidanganya kidogo basi," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kama kuni. "Ungesema ni mtoto yatima."

"Pima angenipiga."

Mama akainuka. "Nataka kumwona."

Chumba kilikuwa kidogo, kina sinki na dirisha la juu. Kaka amelazwa kitandani, shuka limefika kifuani. Nilijua shuka lile limefuliwa vibaya. Mtu wa kazi yangu huliona hilo hata akiwa analia. Nywele zake zilikuwa na vumbi la lipu. Juu ya kope zake muuguzi alikuwa ameweka vipande viwili vya pamba iliyolowa, ili macho yasikauke wakati tunaamua.

Mama alimshika kwanza mkono. Akatazama kucha. Kisha akamwinamia, akaitoa pamba, moja, na nyingine, akanipa mimi. Ilikuwa ya baridi. Kwenye kope kulikuwa na chembe za saruji. Mama alilowesha ncha ya kitambaa chake cha kichwa kwa mate akazifuta, kama alivyokuwa akitufuta usoni kabla ya kwenda shule. Halafu kwa dole gumba akainua kope ya kulia, na kwa mkono wa pili ya kushoto. Akaweka uso wake juu ya uso wa mwanawe, karibu sana, akatazama.

Alitazama kwa muda. Nilikuwa nyuma yake na sikuona alichokiona yeye, ila nilimsikia akimwita. Hakumwita Pima. Alimwita jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu Baba afe. Akaliita tena. Akasogea upande huu, akasogea upande ule, kama mtu anayetafuta kuonekana dirishani.

"Hanitazami," akasema.

Wifi akasema, "Mama."

"Nimemsubiri baba yenu miaka yote hii. Nilidhani ningemtazama angenitazama. Kumbe hawatazami." Alishusha kope, moja baada ya nyingine, akaziweka sawa kwa vidole. "Huyu hayumo humu. Ahadi alinipa yeye, si ninyi, namrudishia mwenyewe. Mwiteni huyo mwanamke."

Muuguzi aliingia na karatasi, wifi akasaini juu ya ukingo wa sinki. Mama alikuwa ameshatoka. Tulipomfuata kwenye korido aliinua kidole.

"Mtu asije akaniambia nimefanya vizuri. Mchungaji asiniambie, wewe usiniambie, mkaza mwanangu usiniambie. Na habari za aliyepewa sitaki."

Tumemtii. Siku moja kabla ya maziko simu ilitoka hospitali, wifi akaipokea nje, uani. Jicho moja limefaa. Lingine, la kushoto, lilikuwa na kovu la chokaa, wameliweka kando. Wifi aliniambia mimi, nami sikumwambia Mama. Huwa namwombea mtu huyo mwenye jicho la kulia la kaka, ingawa sijui kama anamjua Mungu wala kama anaiba. Namwombea na sipati raha inayosemwa. Imani yangu ipo, lakini siku hizi ni kama ukuta usiopigwa lipu: umesimama, na kila kitu kinaonekana.

Tulimuaga asubuhi, mbele ya nyumba ya Mama, jeneza likiwa juu ya meza ile ile aliyoketi kaka alipotutangazia. Mchungaji aliomba kwa ufupi, kwa kuwa Mama alimtaka awe mfupi. Kwaya iliimba. Watu walipita kumtazama, na kila aliyepita alimtazama machoni haraka kisha akatazama pengine, maana habari ilikuwa imeshaenea. Kope zake zilikuwa zimefumbwa sawa. Mama alipita wa mwisho. Nilijua Baba mdogo amebana pumzi, nami nilikuwa nimebana yangu. Aliweka kiganja juu ya macho yote mawili, akakiacha hapo, hakuinua kitu. Kisha akasema, "Fungeni."

Makaburini waashi walikuwa wamejengea shimo kwa tofali tangu jana yake, bila kuombwa. Mstari wa juu ulikuwa haujakamilika. Mmoja wao aliuliza nani apime, wakatazamana, kwa sababu kwa kawaida angekuwa yeye. Taa Moja akashuka ndani ya shimo.

"Acha mimi," akasema. "Sina haja ya kufumba."

Mtu mmoja alicheka, akajifunika mdomo. Taa Moja alipima, akagonga tofali mbili kwa mpini wa mwiko, akatolewa kwa kuvutwa mikono. Wakashusha jeneza kwa kamba. Wifi alitupa udongo, kisha Mama, kisha mimi. Baba mdogo alichukua koleo na hakumwachia mtu mpaka alipoishiwa nguvu. Waashi wakamalizia, wakasawazisha juu kwa ubao. Tuliomba tena. Mama akaomba mkono wangu, kwa kuwa njia ilikuwa na mawe, tukaenda nyumbani.